UZI: Kitabu cha kiada cha midahalo kuhusu rika balehe kwa wanachuo wa fani zote. Tukijenge vipi?

Mkufunzi_Newala (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Newala.

Kuna kazi mezani. Kinatakiwa kitabu cha kiada juu ya rika balehe, kitakachotumiwa na wanachuo wa ualimu, uuguzi, sheria, maendeleo ya jamii na takwimu wakiwa darasa moja. Vile vya "maana, aina, faida na hasara" vipo vya kutosha. Hiki kila sura ni mdahalo: swali moja, pande mbili, ushahidi juu ya meza, na msomaji anaachiwa kazi ya kuamua. Mifupa ni hii, njooni mtie nyama au mvunje.

Sura ni 12. Muhula wa wiki 15 unazimeza hivi: wiki ya kwanza kanuni za mdahalo, wiki 12 sura moja moja, wiki moja jaribio, wiki moja marudio. Kila sura ina kurasa 16 kamili. Ukurasa wa kwanza una hoja na kisa cha kubuni kinachoizaa. Wa pili una maneno yatakayobishaniwa. Kisha kurasa 4 za kuunga, 4 za kupinga, 2 za jedwali la ushahidi, 3 za madirisha ya fani (mwanasheria anaona nini hapa, nesi anaona nini, mwalimu anaona nini), na mmoja wa kazi za darasani.

Kila upande maneno 1,400, na tofauti isizidi 50. Waandishi wawili wa sura moja watoke fani mbili tofauti. Kabla mhariri hajaigusa, kila mmoja anaandika msimamo wa mwenzake kwa sentensi tano, na mwenzake anatia sahihi kwamba ndivyo hasa anavyosema. Asipotia sahihi, sura haisogei. Bila hivyo mtu humsemea mpinzani wake upuuzi asioutamka, apate wepesi wa kumshinda.

Jambo jingine: anayesema mwisho ndiye anayebaki kichwani. Kwa hiyo sura za namba witiri zianze na kuunga, za namba shufwa zianze na kupinga.

Sura ya kwanza nimeshaiwekea alama: je, misukosuko ya umri huu inatoka mwilini au inatoka kwenye jamii? Mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall mwaka 1904 aliueleza umri huu kuwa ni wa tufani. Mwanaanthropolojia Margaret Mead akaenda Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwaka 1925, akachunguza wasichana 68 katika vijiji vitatu vya kisiwa cha Ta'u, na mwaka 1928 akaandika kwamba kule wanavuka bila tufani yoyote. Mwaka 1983, Mead akiwa amekwishafariki miaka mitano nyuma, mwanaanthropolojia mwenzake Derek Freeman akampinga kabisa. Wengi hufundisha ugomvi huu kwa swali la "nani alidanganya". Jedwali la ushahidi litaonesha kwamba Freeman alikaa kisiwa kingine, kwenye miaka ya 1940 na ya 1960. Kabla ya kutafuta mwongo, mwanachuo aulizwe kama wawili hawa walitazama kitu kimoja.

Karibuni.

Shangani_Mhariri

Mkuu, muundo umekaa vizuri. Mtego mkubwa uko kwenye hoja yenyewe, na hapo ndipo vitabu vya aina hii vinapokufa.

Sote tumelelewa na hoja za shule: "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini." Hoja hiyo haina anayeshindwa kwa sababu "bora" haina kipimo. Ukiibeba hivyohivyo ukaitia kwenye kitabu chako unapata "Unyago ni bora kuliko elimu ya shule". Hapo upande mmoja utaleta methali, wa pili utaleta ghadhabu, ushahidi utabaki nje umekaa barazani.

Hoja ichujwe hivi. Iwe na mtendaji na tendo: nani afanye nini. Isiwe na maswali mawili ndani yake (ukiona "na" katikati ya hoja, ikate). Kila upande uweze kupata walau ushahidi wa aina tatu bila kuokoteza. Na fani tatu ziione tofauti kwelikweli. Kama nesi na mwanasheria wanasema kilekile, hiyo ni mada ya mhadhara.

"Simu zinaharibu vijana" haipiti hata chujio la kwanza. "Shule za sekondari za bweni ziruhusu simu siku za Jumamosi na Jumapili" inapita.

Nitoe mfano ninaoupenda zaidi, maana unaonekana mdogo lakini umejaa: *Shule za sekondari zianze kipindi cha kwanza saa 2:30 asubuhi badala ya saa 1:30.*

Anayeunga ana biolojia. Mtoto akiingia balehe, homoni ya usingizi inachelewa kutoka usiku, kwa hiyo kumlaza saa tatu hakumleti usingizi. Kiwango kinachopendekezwa kwa umri wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10 za usingizi, na wa bweni anayeamshwa saa 10:30 alfajiri baada ya kujisomea hadi saa 5 usiku hazipati. Hesabu haidanganyi.

Anayepinga si mjinga hata kidogo. Tafiti nyingi za kuchelewesha masomo zimefanyika Marekani na Ulaya, mbali na ikweta, ambako asubuhi ya majira ya baridi ni giza. Mtwara iko kwenye nyuzi 10 hivi kusini; mchana mrefu wa mwaka unauzidi mfupi kwa saa moja na kidogo tu, na mwanga wa asubuhi unamkuta mwanafunzi keshaamka. Halafu sala ya alfajiri haisogezwi na ratiba ya shule, basi mwanafunzi Mwislamu ataamka palepale. Na ukisogeza vipindi mbele unasogeza hisabati kwenye joto la saa nane mchana chini ya bati.

Umeona? Biolojia, jiografia, dini, majengo na mpishi wa shule, wote wamo. Hakuna aliyetukanwa na hakuna aliyeshinda mapema.

Barubaru_wa_Lindi

Naunga mkono hoja, ila mmenikimbiza. "Rika balehe" ni neno la nani? Mitaani halipo.

Shangani_Mhariri

Ni la maofisini, na lina kazi yake. Wizara inalitumia, ajenda ya taifa ya 2021/22 hadi 2024/25 ilitaja "vijana rika balehe". Lakini swali lako ndilo ukurasa wa pili wa kila sura.

Kiswahili hakikuwa na neno moja la kufunika miaka 10 hadi 19. Kilikata vipande: kigori hajavunja ungo, mwali kavunja ungo au yuko ndani anafundwa, barubaru ni mvulana aliyekomaa. Mpaka wa maneno haya ni mwili na sherehe, hauhesabiwi kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakata kwa miaka, 10 hadi 19. Mwaka 2018 mtafiti wa afya ya vijana Susan Sawyer na wenzake walipendekeza isogezwe iwe 10 hadi 24. Sera yetu ya vijana ya 2007 inamwita mtu kijana kuanzia 15 hadi 35. Kwa hiyo mtu wa miaka 17 ni balehe, kijana na mtoto kwa mpigo, kutegemea karatasi iliyo mbele yako.

Mwandishi asipoeleza anatumia kipimo kipi, pande mbili zitabishana sura nzima kumbe zinazungumzia watu tofauti. Kanuni ya uhariri: neno likishafafanuliwa ukurasa wa pili, halibadilishwi maana ukurasa wa tisa.

Takwimu_na_Korosho

Nije kwenye jedwali la ushahidi, maana kurasa mbili ni chache na zikichezewa kitabu kizima kinapinda.

Safuwima sita: nani walipimwa, wangapi, wapi, mwaka gani, kilipimwa nini, na ya sita ambayo waandishi hupenda kuiruka, *nini hakikupimwa*. Upande wowote usilete ushahidi usioingia kwenye safuwima zote sita.

Mfano. Kila anayesema "vijana hufuata mkumbo" hutaja jaribio la Gardner na Steinberg la mwaka 2005. Lijaze: watu 306, makundi matatu ya umri (13–16, 18–22, na 24 kwenda juu), Marekani, mchezo wa gari kwenye kompyuta, mtu akicheza peke yake au akitazamwa na wenzake. Walioongeza hatari zaidi mbele ya wenzao walikuwa wadogo. Safuwima ya sita: barabara ya kweli haikupimwa. Anayetaka kutumia jaribio hili kuzungumzia bodaboda wa Mkanaledi kule Mtwara aeleze mwenyewe daraja analovukia kutoka kwenye kompyuta hadi barabarani. Hilo daraja ndilo linalopewa alama.

Mfano wa pili ni wa kosa la kusoma. "Nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14." Chanzo ni utafiti wa Kessler na wenzake wa 2005, ambao uliwataka watu wazima wa Marekani wakumbuke dalili zilianza lini. Nusu hiyo ni ya *waliowahi kuugua*. Si nusu ya watoto wote. Wanachuo hulisoma vibaya, na waandishi nao wamo.

Wa tatu ni wa nyumbani, na ndio wa kuangalia sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulitoa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15–19 waliokwisha kuzaa au kuwa na mimba. Ule wa 2022 umetoa asilimia 22. Mwandishi wa upande mmoja ataandika "imeshuka kwa pointi tano" na kufunga daftari. Tatizo ni kwamba hesabu mpya inaingiza pia mimba zilizoharibika, ile ya zamani haikuingiza, kwa hiyo namba mbili hizo hazikupimwa kwa pishi moja. La pili: wanawake wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49. Msichana wa miaka 12 hayumo. Rika balehe inaanzia 10, basi nusu ya kwanza ya somo lenu haionekani kwenye takwimu mnayoitegemea. Hili likae kwenye sanduku lake, ukurasa wa jedwali, kila sura inayohusu mimba na ndoa.

Na tafadhali, asilimia ya taifa isiandikwe kana kwamba ni ya Liwale.

Wakili_wa_Pwani

Mchango wa kisheria. Napendekeza ukurasa mmoja mwanzoni mwa kitabu, ngazi ya umri, ili kila sura irejee hapo badala ya kurudia. Sheria za Tanzania Bara zinasema hivi:

Chini ya miaka 10, mtoto hana jinai kabisa. Chini ya 12, hana jinai mpaka ithibitike alijua alichofanya hakifai. Miaka 14, anaweza kufanya kazi nyepesi. Miaka 15, tangu marekebisho ya 2019 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Miaka 18, anapiga kura, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaacha kumwita mtoto.

Sasa tazameni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na mahakama ikipewa nafasi ya kushuka hadi 14. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ikatamka vifungu vya 13 na 17, vya umri na ridhaa ya mzazi, kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki palepale. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba, miaka 30 jela. Novemba 2021 Serikali ikatangaza waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni.

Kwa hiyo hoja "Msichana aolewe akiwa na miaka 15" isiwepo kwenye kitabu. Imekwisha mahakamani, na kuilea ni kumfundisha mwanachuo kwamba haki ya mtu hupigiwa makofi. Hoja hai ni hii: "Ngazi ya umri ilinganishwe, kila haki na kila wajibu uanze miaka 18." Hapo anayepinga atauliza: kwa hiyo wa miaka 16 asipime VVU bila baba yake? Na anayeunga atauliza: sheria inayomwona mtu mtoto Jumatatu na mkubwa Jumanne inamlinda vipi?

Kingine, kwa huku kwetu. Kifungu cha 17 kilichotamkwa kuwa kinyume cha Katiba kilimpa *baba* ridhaa ya ndoa kwanza, mama akifuata iwapo baba amefariki. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti nzito. Mwandishi wa Dar es Salaam akiandika "mila inampa baba mamlaka" kakosea mila, kachukua sheria akaiita mila. Dirisha la fani la sura ya ndoa lianzie hapo.

Kabla ya kupeleka mashineni, mtu mmoja apewe kazi ya kupitia ngazi hii upya kifungu kwa kifungu. Kitabu kinakaa rafu miaka kumi, sheria haikai.

Nesi_Kusini

Wakili kagusa ninachotaka kukikazia. Kuna mambo hayatiwi kwenye mizani ya pande mbili.

Kwenye sura ya jando: wembe mmoja kwa mtoto mmoja si hoja. Kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60 si hoja. Majaribio matatu, Afrika Kusini, Kenya na Uganda, yalishamaliza. Kwenye sura ya mimba: kwamba mama wa miaka 10 hadi 19 yuko kwenye hatari kubwa ya kifafa cha mimba kuliko wa 20 hadi 24 si hoja. Haya yawekwe kwenye sanduku la kivuli mwanzoni, "Tunachokianzia", na pande zote mbili zijenge juu yake. Mwandishi akileta upande unaopinga kilichomo kwenye sanduku, arudishiwe karatasi yake.

La pili ni usalama wa darasani. Mnasahau kuwa wasomaji wenyewe wako kwenye umri huo au wametoka juzi. Wamo waliozaa, waliocheza unyago, waliofanyiwa ubaya. Kwa hiyo:

Kazi za darasani zisiwe na swali lenye "wewe". "Eleza ulivyovunja ungo" ni ukatili, hata ukiliita tafakuri. Kisa ni cha mtu wa kubuni, na kisifanane na tukio lililosikika mtaani. Badilisha kijiji, umri na kazi ya wazazi vyote vitatu.

Upande upangwe kwa kura, siku zote. Watu wanadhani kura ni ya haki tu. Faida yake kubwa ni sitara: binti aliyetetea jambo gumu akitoka nje anaweza kusema "niliokota karatasi". Mkimwachia achague, amejianika.

Ukurasa wa mwisho wa sura za ukatili, ndoa na afya ya akili uwe na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, na maelezo ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na mwongozo wa mkufunzi useme la kufanya mwanachuo akivunjika katikati ya kipindi: mdahalo unasimama, anatoka na mtu aliyemchagua yeye, hakuna anayeuliza mbele za watu.

Mkufunzi_Newala

Nesi, sanduku la "Tunachokianzia" limeingia. Litakula nusu ya ukurasa wa pili, basi maneno ya kubishaniwa yasizidi sita.

Bi_Somo

Wanangu, nimesoma kimya mpaka hapa.

Mkufunzi_Newala

Shikamoo Bi Somo.

Bi_Somo

Marahaba. Sura yenu ya unyago mmeiandika kama kitu kimoja, na ndiyo maana inawashinda. Unyago una vipande. Kuna *lini*, mwali anaingia kabla ya kuvunja ungo au baada. Kuna *wakati*, likizo ya Juni, ya Desemba, au wakati wa masomo. Kuna *kinachofundwa*: usafi, heshima, kukaa na watu, na mambo ya mume. Kuna *gharama*, maana ngoma hufuata fedha ya korosho, na mwenye msimu mbaya hukopa. Na kuna *siri*.

Mtu anaweza kuutaka unyago na asiutake umri unaochezwa. Mwingine anautaka umri lakini hataki somo la mume lifike kwa kigori. Mkiuliza "mzuri au mbaya" mmewafunga wote hao midomo. Zamani mwali aliyetoka ndani alikuwa karibu na kuolewa, kwa hiyo somo la mume lilikuwa na mwenyewe. Leo yuleyule anarudi darasani Jumatatu. Hapo ndipo penye mjadala, si kwenye ngoma.

Nyimbo msichapishe. Si kwa kuogopa, ni kwamba zina mahali pake, na zikitolewa nje ya kumbi zinageuka matusi matupu. Andikeni wimbo *unafanya kazi gani*: huu unakemea, huu unafundisha usafi, huu unamtania mwali asiogope. Inatosha. Na mwandishi wa upande ule asiwe mtu aliyesoma habari za makungwi bila kukaa na mmoja wao. Mfuateni kwa adabu, mwambieni mtaandika nini, na yale atakayosema yabaki yabaki.

Wakili_wa_Pwani

Bi Somo, hili la "yabaki yabaki" ndilo ridhaa ya utafiti inavyotaka, tena kwa maneno machache kuliko fomu zetu. Mkufunzi, kama mtahoji watu kwa ajili ya sura hiyo, kibali cha utafiti kiombwe mapema, msisubiri rasimu iive.

Barubaru_wa_Lindi

Wakuu, swali la darasani. Watu 120, ukumbi mmoja, mdahalo utafanyikaje? Si watasema wanne, wengine wapige miluzi?

Mkufunzi_Newala

Mdahalo wa jukwaani tumeuacha kwa sababu hiyohiyo. Makundi ya wanne wanne, wawili kila upande. Watu 120 ni makundi 30 yanayosema kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo, ni kelele ya kazi. Dakika 100 zinagawanyika hivi: kura 5, kusoma na kupanga 20, kila upande unasema 5 (jumla 10), maswali 10, kisha *wanabadilishana pande*: kupanga 10, kusema 4 kwa 4. Halafu wanavua pande, dakika 25 za kuandika tamko moja la wote wanne, na 12 za mwisho matamko machache kusomwa.

Kinachoharibika kila mara ni kubadilishana pande. Mkufunzi akichelewa anaona hicho ndicho cha kukata. Akikikata, kilichobaki ni Simba na Yanga. Bora apunguze maswali yawe dakika 5.

Alama 20: ushahidi 8, kujibu kilichosemwa na upande wa pili 6, tamko la pamoja 4, kutunza muda 2. Ushindi hauna alama. Sauti kubwa nayo haina.

Kosa jingine ni tamko la "pande zote mbili zina ukweli". Likiandikwa hivyo lipewe sifuri kati ya 4. Tamko litaje jambo moja walilokubaliana, jambo moja lililobaki, na ushahidi gani ungewamalizia ubishi.

Takwimu_na_Korosho

Hapo pa mwisho nakazia. Swali la "ushahidi gani ungekubadilisha" liwe limepigiwa mstari.

Mpiga_Chapa_Masasi

Nimeitwa kwenye kurasa 16, nimefika.

Mashine hukunja karatasi kubwa moja ikatoa kurasa 16. Sura 12 ni kurasa 192. Ongeza mkunjo mmoja wa mbele kwa yaliyomo, ngazi ya umri na faharasa, jumla 208, mikunjo 13. Sura ikifika kurasa 17 unalipia kurasa tupu au unasukuma sura zote zinazofuata. Ukipanga sura iwe mkunjo mmoja, sheria ikibadilika unachapa upya mkunjo ule tu badala ya kitabu kizima. Wakili atafurahi.

Ukubwa B5, milimita 176 kwa 250. Karatasi gramu 80. Ya gramu 70 maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, na nyie mna majedwali. Mgongo ushonwe kwa uzi ndipo utiwe gundi. Gundi tupu kwa joto na unyevu wa pwani inalegea, na kitabu cha mdahalo hulazwa wazi juu ya meza muda wote, kurasa zitachomoka muhula wa kwanza.

Jambo ambalo waandishi hawalifikirii: wanachuo watatoa kopi steshenari. Kurasa mbili za B5 zikiwa wazi hupunguzwa hadi asilimia 84 ili ziingie kwenye A4. Herufi ya ukubwa wa 11 inakuwa kama 9, inasomeka. Herufi ya 9 kwenye jedwali inakuwa 7 na nusu, haisomeki. Kwa hiyo jedwali lisishuke chini ya 10. Na msitenganishe pande kwa rangi, bluu na nyekundu zote zitatoka kijivu. Tumieni mstari pembeni: mmoja mzito kwa kuunga, miwili myembamba kwa kupinga.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba, iombwe kabla jalada halijafungwa. Mkitaka kiingie na sekondari, huko ni ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ni safari nyingine.

Nesi_Kusini

Safuwima sita kwa herufi ya 10 kwenye milimita 176, zitaenea?

Mpiga_Chapa_Masasi

Jedwali lilale, lichukue kurasa mbili zinazotazamana. Ila liangukie kurasa shufwa na witiri zinazokabiliana; kwa mpango wenu liko ukurasa wa 11 na 12 wa kila sura, mbele na nyuma ya karatasi moja. Leteni ukurasa mmoja wa madirisha ya fani kabla yake, likae wa 12 na 13. Baada ya hapo, mkisogeza tena ukurasa mmoja kabla ya jedwali, limeharibika.

Mkufunzi_Newala

Nimelisogeza. Nimefunga ukurasa wa 1 hadi 13, hauguswi.

Bi Somo, hoja ya sura ya 7 baada ya michango yenu nimeiandika hivi: *Umri wa chini wa mwali kuingia unyago upangwe na sheria ndogo ya halmashauri, usiachiwe ukoo.* Ina mtendaji, ina tendo, swali moja. Sanduku la "Tunachokianzia": mwali aliye shule haolewi, na unyago wenyewe hauvunji sheria. Vipande vya gharama, wakati na siri vimekuwa madirisha ya fani.

Wakili_wa_Pwani

Inapita. Dirisha la sheria litaeleza sheria ndogo inatungwa vipi na kwamba haiwezi kupingana na sheria mama.

Bi_Somo

Neno moja. Mmeandika "ukoo". Anayesema mwali aingie si ukoo mzima, ni mama, mjomba na kungwi wamekaa. Ukiandika "ukoo" umemficha mtu wa kuulizwa.

Mkufunzi_Newala

Naandika "usiachiwe mama, mjomba na kungwi". Mhariri, maneno matatu yameongezeka kwenye hoja.

Shangani_Mhariri

Pana "na" ndani yake, nilisema tuikate. Hii naiacha.